Kuanza chuo Marekani bila kozi, kisha kuingia uhandisi: njia zilivyo, na ipi imfae nani

Kijana aliyemaliza PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) Tanzania hufungua mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, huomba uhandisi ujenzi au uhandisi umeme, na akipata, barua yake ya udahili ina jina la kozi. Kenya ni vivyo hivyo: KUCCPS, chombo cha kupanga wanafunzi vyuoni, humpangia mtu chuo na kozi kwa pamoja. Marekani barua inaweza kusema umepokelewa na isiseme umepokelewa kusoma nini. Vyuo vingi humruhusu mwanafunzi kuanza bila kozi, ajaribu masomo ya hapa na pale, kisha achague kabla mwaka wa pili haujaisha.

Kwa anayeishia kusoma historia au uchumi, uhuru huo hauna gharama kubwa. Kwa anayeishia uhandisi, unayo. Maabara ni ghali, nafasi zina kikomo, na masomo yamepangwa kwa ngazi: ukiikosa ya chini, ya juu hupandi. Kwa hiyo kuuliza kama inawezekana kuanza bila kozi hakukusaidii, maana jibu karibu kila mahali ni ndiyo. Uliza hivi: nikianza bila kozi, nitakuwa ndani ya kitivo cha uhandisi au nje yake? Wanafunzi wawili wanaweza kukaa darasa moja la kalkulasi, wote hawana kozi, na mmoja akawa na uhakika wa kuhitimu mhandisi huku mwenzake akiwa mwombaji tu.

Ndani ya kitivo, kozi baadaye

Purdue, kule Indiana, ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Kila anayepokelewa uhandisi huanza na mwaka wa pamoja uitwao First-Year Engineering. Hakuna wa mitambo, hakuna wa ndege, hakuna wa kemikali. Wote wanasoma kalkulasi, fizikia, kemia, kuandika programu na utangulizi wa uhandisi. Baada ya hapo wanaomba kozi. Kiwango kilichozoeleka kwa miaka ni 3.2: aliyefika hapo, kwa GPA ya jumla (wastani wa alama ambao kilele chake ni 4.0) na kwa alama za yale masomo ya msingi, amehakikishiwa kozi aliyoiandika ya kwanza. Wa chini ya hapo anasubiri kuona nafasi zimebaki wapi.

Texas A&M wana utaratibu unaofanana na huo kwa sura, ila makali yake ni mengine. Wanauita Entry to a Major, na wanafunzi wanauita ETAM tu. Uhakika wa kupata kozi ya kwanza ulikuwa GPA ya 3.5, baadaye ukapandishwa hadi 3.75. Robo pointi inaonekana ndogo mpaka uitafsiri kwa alama: 3.75 ni A tatu kwa kila B moja, bila C hata ya bahati mbaya. Asiyefika huko hafukuzwi. Huorodhesha kozi kadhaa kwa mpangilio wa anavyozipenda, kitivo hupitia maombi yake, na anaweza kupewa ya pili au ya tatu. Kwa mtu aliyekuja kwa ajili ya uhandisi wa kompyuta peke yake, hiyo si faraja. Kwa mtu anayesema "uhandisi wowote ilimradi nihitimu", ni mpango mzuri.

University of Washington, Seattle, walibadilisha mfumo wao mwaka 2018. Tangu hapo anayetaka uhandisi huomba kuingia kitivo moja kwa moja tangu sekondari, na akipokelewa huitwa mwanafunzi wa uhandisi asiye na kozi. Amehakikishiwa nafasi katika mojawapo ya kozi za uhandisi akitimiza masharti ya mwaka wa kwanza, ila hajahakikishiwa ile aliyokuja nayo moyoni. Aliyeingia chuo kile kile kupitia mlango mwingine, tuseme kwa masomo ya sayansi kwa jumla, anaweza kuomba kuhamia, lakini anagombea nafasi zilizobaki baada ya wenye uhakika kupangwa.

Michigan ndio walio wapole katika kundi hili. Kitivo chao cha uhandisi hupokea wanafunzi bila kozi, na aliyemo ndani, akiwa na hali nzuri ya masomo baada ya muhula wa kwanza, hutangaza kozi anayoitaka bila kushindanishwa. Sayansi ya kompyuta wameitenga na kuiwekea udahili wake. Kwingineko kote uko huru. Mtoto mwenye akili lakini anayechelewa kuzoea mazingira mapya, yule ambaye muhula wa kwanza utampiga kidogo kabla hajasimama, ningempeleka mahali kama hapa kabla ya kumpeleka mahali ambapo pointi 3.74 inamwacha kwenye foleni.

Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo kati ya vyuo hivi vya "ndani". Karibu vyote hujitangaza kwa maneno yale yale kuhusu mwaka wa kujichunguza. Kimoja kina maana hiyo hasa. Kingine ni mashindano ya miezi tisa yaliyopewa jina la kujichunguza.

Nje ya kitivo

Rudi Purdue. Chuo hicho hicho kina programu ya wasiojua wanataka nini, Exploratory Studies, yenye washauri wazuri na utaratibu wa kumsaidia mtu kufikiri. Aliyeko huko akitaka uhandisi inabidi apitie maombi ya kubadilisha lengo la shahada, ambayo wanafunzi huyaita CODO. Anatakiwa kuwa na alama fulani katika masomo fulani, na hata akiwa nazo, nafasi lazima iwepo. Mwenzake wa First-Year Engineering mwenye 3.2 ana ahadi. Yeye mwenye 3.2 ana fomu.

Illinois ya Urbana-Champaign inaonyesha kwamba hata ndani kuna nje. Kitivo cha uhandisi, Grainger, kina njia ya kuingia bila kozi. Aliyepitia njia hiyo huchagua karibu kozi zote za kitivo, lakini sayansi ya kompyuta haimo. Aliyeipenda baada ya kufika ameshachelewa. Kwa hiyo kwa wanaotaka kompyuta kanuni ni fupi: iombe kwa jina lake tangu mwanzo, popote pale, wala usitegemee kuingilia ubavuni.

Penn State wana kitengo cha wasio na kozi, Division of Undergraduate Studies, ambacho hakichukuliwi kuwa mahali pa waliokosa pa kwenda. Mwanafunzi wa huko hupewa mpango wa masomo unaofuata kozi anayoinyemelea, na wakati ukifika huomba kuingia kwenye kozi kama mwingine yeyote. Kinachohitaji macho ni masharti ya kuingia kozini: kuna masomo ya lazima, na baadhi ya kozi huweka pia alama na kipindi maalumu cha kuomba kinachohesabiwa kwa krediti, yaani uzito wa masomo uliyokwisha kusoma. Mtu mwenye krediti nyingi alizokuja nazo anaweza kukikaribia kikomo hicho upesi kuliko alivyotarajia. Hilo huwashangaza wengi, kwa sababu kwa kawaida krediti za ziada ni neema.

Nani basi aanzie nje? Yule ambaye uhandisi kwake ni jambo moja kati ya matatu au manne, na hayo mengine anayapenda kweli. Mtoto anayesitasita kati ya uhandisi na udaktari, au uhandisi na usanifu majengo. Lakini asitasite akiwa amejiandikisha masomo mepesi. Achukue kalkulasi, kemia na fizikia ya wahandisi kana kwamba ameshaamua. Kutoka uhandisi kwenda kozi nyingine ni rahisi karibu kila chuo. Kuingia uhandisi ukitoka nje ndiko kugumu. Kwa sababu hiyo, aliye nusu kwa nusu ni heri aombe uhandisi, kisha atoke akiona haumfai.

Mahali ambapo ukuta haupo

MIT hakuna anayeingia na kozi. Mwaka wa kwanza wote ni sawa, na ukiisha kila mtu huchagua anachotaka, bila kikomo cha nafasi na bila GPA ya kuvuka. Hata alama za muhula wa kwanza haziandikwi kama herufi: umefaulu, au somo halionekani kwenye rekodi. Siri yao iko kwenye masomo ya lazima. Kila mwanafunzi, hata wa falsafa, husoma mihula miwili ya kalkulasi na miwili ya fizikia, pamoja na kemia na biolojia, kwa hiyo hakuna anayeamua uhandisi akajikuta yuko nyuma. Stanford nao hupokea mtu kwa ajili ya chuo kizima, naye hutangaza kozi kabla ya mwaka wa pili kwisha.

Vyuo hivi ni vigumu kuingia, hilo linajulikana. Ukipata, suala la "bila kozi" limekwisha.

Chuo cha jamii, kisha kuhamia

Kuanzia chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili) ndiyo njia ambayo wazazi wa kwetu huidharau haraka, na ndiyo ninayodhani inawafaa wengi wao. Familia iliyofika Texas, Ohio au Kentucky kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma, mtoto amemalizia miaka miwili tu ya sekondari ya Marekani, hisabati yake ina mapengo na Kiingereza cha darasani bado kinamsumbua: mtoto huyo akiingia moja kwa moja kwenye mashindano ya 3.75, mfumo utamhukumu kwa mwaka ambao ndio anajifunza kuogelea. Chuo cha jamii kinampa madarasa madogo, ada ya chini sana, na nafasi ya kuanza hisabati pale alipo kweli.

Kama yeye ni mkimbizi aliyepokelewa rasmi au ana makazi ya kudumu, anaweza kujaza FAFSA, fomu ya msaada wa masomo wa serikali kuu, na kuomba Pell Grant, ruzuku isiyorudishwa, ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–26 ni dola 7,395. Katika vyuo vingi vya jamii fedha hiyo hufunika ada yote na kubakisha ya vitabu. Ila Pell ina ukomo wa maisha, sawa na mihula 12 ya kusoma kwa muda wote. Anayetumia mihula mitatu kwenye masomo yasiyohesabika katika shahada ameila robo yake.

Na hapo ndipo hatari ya njia hii ilipo. Krediti "kuhamishwa" kuna maana mbili. Chuo kikuu kinaweza kulipokea somo lako kama somo halisi linalojaza nafasi ya Fizikia ya Kwanza katika uhandisi, au kikalipokea kama krediti za hiari zinazoongeza idadi tu. Karani atakwambia zote zimehamishwa, na atakuwa hajasema uongo. Dawa yake ni makubaliano ya maandishi kati ya vyuo viwili. California wana ASSIST, tovuti ya wazi inayoonyesha somo la chuo cha jamii linalingana na lipi katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo. Northern Virginia Community College ina makubaliano na Virginia Tech yanayomhakikishia nafasi ya uhandisi mwenye shahada ya miaka miwili (associate degree) inayotakiwa na alama zinazotakiwa. Texas A&M wamekwenda mbali zaidi: kupitia Engineering Academies, mwanafunzi husoma chuo cha jamii, Houston au Dallas au Austin, huku akiwa tayari ni mwanafunzi wa uhandisi wa A&M. Kwa anayeishi kwa wazazi, huo ni mpango wa kuangaliwa kabla ya mingine yote.

Tahadhari moja ya California. Uhakika wa kuhamia unaoitwa TAG hutolewa na kampasi sita za University of California, na Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo. Hata katika hizo sita, uhandisi hautoki kila mahali. Santa Barbara, kwa mfano, TAG yao haigusi kitivo cha uhandisi. Usisikie neno "uhakika" ukafunga kitabu.

Hisabati ndiyo inayoamua, popote ulipo

Njia zote hizi zinakutana kwenye mnyororo mmoja. Kalkulasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha milinganyo tofautishi (differential equations). Fizikia ya kwanza inahitaji kalkulasi ya kwanza. Somo la mizani ya nguvu (statics), ambalo mhandisi wa ujenzi na wa mitambo hawaepuki, linahitaji fizikia ya kwanza. Masomo ya mwaka wa tatu yanahitaji hilo. Ni mihula minne isiyoweza kubanwa kuwa miwili. Anayepangiwa hisabati ya kabla ya kalkulasi ameanza muhula mmoja nyuma, na anayepangiwa aljebra ya chuo ameanza miwili nyuma, hata kama chuo kinamwita mwanafunzi wa uhandisi.

Upangaji huo mara nyingi hufanywa kwa jaribio la mtandaoni, na vyuo vingi hutumia ALEKS. Vijana hulifanya usiku mmoja, bila kujiandaa, wakidhani ni fomu. Aliyesoma Advanced Mathematics ya Kidato cha Sita alishafanya utofautishaji (differentiation) na utangamanishaji (integration). Aliyesoma KCSE aligusa vyote viwili Kidato cha Nne. Wanaangushwa na kusahau trigonometria na maneno ya Kiingereza cha Kimarekani, wala si ujinga. Wiki mbili za kujikumbusha kabla ya jaribio zinaweza kuokoa muhula mzima wa ada. Mwenye A-level ya Cambridge aulize pia kama alama yake inampa krediti za kalkulasi, maana vyuo vingi hutoa.

Halafu kuna mtego wa fizikia. Vyuo vingi vina fizikia mbili za mwaka wa kwanza, moja ya wanafunzi wa tiba na biolojia isiyotumia kalkulasi, nyingine ya wahandisi na wanafizikia inayoitumia. Zote zinaandikwa "Fizikia" na zote zina krediti. Asiye na kozi, akishauriwa na mshauri wa nje ya kitivo, anaweza kuwekwa kwenye ile ya kwanza kwa nia njema kabisa. Akija kuomba uhandisi ataambiwa arudie.

Sasa tufanye hesabu ya muhula mmoja. Mwanafunzi amepata C ya kalkulasi (krediti 4), B ya kemia (4), A ya Kiingereza (3) na B ya programu (3). Kwa kila krediti A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2, hivyo ana pointi 41 kwa krediti 14, yaani GPA ya 2.93. Muhula wa pili anachukua krediti 15. Kufikia 3.2 anahitaji wastani wa karibu 3.45 muhula huo: kazi ngumu inayowezekana. Kufikia 3.75 angehitaji zaidi ya 4.5, na alama ya juu kabisa ni 4.0. Mlango wa uhakika umeshafungwa kabla ya Krismasi, kwa C moja. Kabla ya kulipa amana chuo chochote, fanya hesabu hii kwa kiwango cha chuo hicho na kwa alama ambazo mtoto amezoea kupata, acha zile unazomwombea.

Wenye visa ya F-1

Waliotoka Dar, Nairobi au Muscat kwa visa ya mwanafunzi wana mambo yao. FAFSA haiwahusu, hivyo kila muhula wa kusitasita hutoka mfukoni mwa mzazi kwa ada kamili. Lazima wasome angalau krediti 12 kwa muhula, kwa hiyo kuacha somo linalokuvuruga GPA si jambo huru kama lilivyo kwa mwenzako raia. Hati ya I-20, ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni kwa ajili ya visa, ina kozi na tarehe ya mwisho. Kubadilisha kozi ni sababu inayokubalika ya kuongezewa muda, lakini ofisi ya wanafunzi wa kigeni lazima iombwe kabla tarehe haijapita.

Upande wa pili wa mizani ni kazi baada ya kuhitimu. Mhitimu wa F-1 hupata miezi 12 ya kufanya kazi, na mwenye shahada ya sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati anaweza kuomba miezi 24 zaidi. Uhandisi umo, lakini fizikia, hisabati na sayansi ya kompyuta nazo zimo. Aliyekosa uhandisi hajapoteza miezi hiyo akichagua mojawapo ya hizo. Kwa mwanafunzi wa F-1 mimi ningeacha kabisa njia ya nje ya kitivo, isipokuwa kwenye vyuo vya aina ya MIT na Stanford. Gharama ya kusubiri ni kubwa mno kwake.

Ukipewa kozi yenye jina linalofanana

Wanaokosa nafasi mara nyingi huelekezwa kwenye teknolojia ya uhandisi. Hiyo ni kozi halali, yenye maabara nyingi na nadharia kidogo, na wahitimu wake wanaajiriwa. Lakini ABET, chombo kinachotoa ithibati, kina tume moja kwa shahada za uhandisi na nyingine kwa shahada za teknolojia ya uhandisi, na majimbo hayazipokei sawasawa kwa anayetaka leseni ya mhandisi. Anayefikiria kurudi nyumbani na kusajiliwa na bodi ya wahandisi, ERB Tanzania au EBK Kenya, aandikie bodi hiyo kabla ya kukubali, akitaja jina kamili la shahada na tume ya ABET iliyoithibitisha. Orodha ya ithibati iko wazi kwenye tovuti ya ABET, na kuna vyuo vyenye shahada zote mbili chini ya paa moja, hivyo hakikisha unasoma mstari wa shahada yenyewe na siyo wa chuo.